Mwaka Mmoja, Pande Mbili za Mpaka: Mhadhara wa Jamhuri, Chepilat



Nimeombwa nizungumze juu ya uhuru wa Kenya na gharama yake. Msemaji wa siku ya Jamhuri kwa kawaida huanzia Nairobi, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Kila mwalimu wa historia anazo picha hizo kichwani. Saa sita usiku taa zinazimwa, bendera ya Mwingereza inateremshwa gizani, taa zinawashwa tena na bendera yetu yenye ngao na mikuki iko juu. Prince Philip amesimama kwa niaba ya Malkia, na Jomo Kenyatta yuko karibu naye. Kule kileleni mwa Mlima Kenya, Kisoi Munyao anasimika bendera nyingine penye barafu. Ni picha nzuri, nami nimezifundisha kwa miaka mingi bila kuchoka. Neno langu juu yake ni hili tu: Chepilat haimo.

Basi leo nitaanzia hapa, kwenye barabara hii inayotoka Sotik kwenda Keroka na Kisii. Aliyekuja kutoka upande wa Sotik amepita Kaunti ya Bomet. Akiendelea mbele kidogo ataingia Kaunti ya Nyamira. Mama anayeuza mboga hapa anaweza kulima upande mmoja na kuuza upande wa pili, akatozwa ushuru na serikali mbili katika siku moja. Mpaka huu sisi tumeuzoea kiasi kwamba tunadhani uliumbwa pamoja na vilima. Haukuumbwa. Uliandikwa na watu, karibu tu na siku ile tunayoisherehekea, na nitawaonyesha ulivyoandikwa. Lakini kabla ya kufika huko lazima turudi nyuma hadi mwaka ambao, kwa maoni yangu, ndio mwaka wetu sote tulioketi humu. Ni mwaka 1905.

Katikati ya mwaka huo jeshi la Mwingereza liliingia nchi ya Sotik. Sababu iliyoandikwa kwenye majalada ni kwamba Wakipsigis wa Sotik walikuwa wamevamia Wamasai, wakachukua ng'ombe na mateka, na walipoamriwa kuwarudisha wakakataa. Sitaificha sababu hiyo, maana mhadhara unaoficha makosa ya wazee wetu hautaaminika unapotaja makosa ya wengine. Lakini tazameni adhabu. Kikosi chini ya Meja Pope-Hennessy kilikuja na bunduki za rashasha dhidi ya watu wa mikuki na ngao za ngozi. Idadi inayotajwa katika madai ya watu wa huku ni zaidi ya watu 1,800 waliouawa, wanawake na watoto wakiwemo. Ng'ombe walitekwa kwa maelfu. Hesabu ya ng'ombe mtu anaweza kuitetea kwa sheria ya fidia. Hesabu ya watoto haitetewi kwa sheria yoyote.

Mwezi Septemba, mwaka huo huo, kikosi kingine kilipanda milima ya Wagusii, nchi ya Kitutu. Silaha zilikuwa zile zile, na kilichofuata kilikuwa kile kile: watu kuuawa kwa rashasha, nyumba kuchomwa, mifugo kuchukuliwa. Miaka michache baadaye, Januari 1908, kijana aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote, huku mama mmoja mwonaji, Moraa, akiwa amewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, na watu wake wanasema hadi leo kwamba kichwa chake kilichukuliwa na hakijarudi. Jeshi likarudi Gusii kwa ghadhabu ya mara ya pili. Northcote mwenyewe aliendelea na kazi ya serikali, akapanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong. Ndivyo dola ile ilivyokuwa na kumbukumbu nzuri kwa watumishi wake.

Na tukirudi 1905, mwezi Oktoba ilikuwa zamu ya Wanandi. Kwa miaka mingi walikuwa wamewasumbua wajenzi wa reli na simu. Tarehe 19 Oktoba, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na afisa aliyekuja kuzungumza naye, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi yeye na watu aliokuja nao. Meinertzhagen alichunguzwa na wakubwa wake, akaondolewa nchini, akaendelea kuishi hadi uzee akiandika shajara zake. Fimbo za Koitalel zilikaa Uingereza kwa miaka mia moja mpaka mwana wa afisa huyo alipozirudisha mwaka 2006. Fuvu lake bado linatafutwa.

Hebu tusimame hapo kidogo. Sotik, Kitutu, Nandi: nchi tatu zilizo karibu, zilivunjwa katika mwaka mmoja na jeshi moja, kwa amri za serikali moja ya kikoloni. Askari aliyechoma nyumba Sotik katikati ya mwaka angeweza kuwa amechoma nyumba Kitutu mwezi Septemba. Lakini muulizeni mtoto wa shule upande wa Bomet, atawaambia habari za Sotik na za Koitalel. Muulizeni wa upande wa Nyamira, atawaambia za Otenyo na Moraa. Hakuna kati yao atakayewaambia kwamba hiyo ni habari moja. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo: tuliumizwa pamoja, kisha uhuru ukatukabidhi kila mtu kumbukumbu yake peke yake, na mpaka wa kuilinda.

Kuna jambo dogo la kalenda ambalo hunishangaza kila mwaka. Siku ya Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba. Zamani iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa sababu ya kukamatwa kwake usiku ule wa 1952 hali ya hatari ilipotangazwa; Katiba ya 2010 ndiyo iliyoipa jina jipya ili iwe ya mashujaa wote. Koitalel aliuawa tarehe 19 Oktoba. Siku moja tu kabla. Mwaka 2023 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyiwa Kericho, umbali mfupi tu kutoka hapa, na siku ya mkesha wake Rais alitia sahihi sheria mpya za afya. Ni sheria muhimu, sikatai. Ila ningependa mtu mmoja kwenye jukwaa lile angesema tarehe 19 ilikuwa ya nani.

Baada ya jeshi walikuja wapimaji. Nitapita haraka hapa kwa sababu habari hii mnaijua kwa miguu yenu. Sehemu iliyo kati ya Wakipsigis na Wagusii, nchi nzuri ya baridi, ikapimwa na kupewa walowezi. Ilikuwa kabari iliyopigwa kati ya jamii mbili, na mkiuliza kwa nini wilaya zilizopakana zikaja kuwa na ukanda wa wazungu katikati, jibu liko hapo. Tunapoketi sasa palikuwa ndani ya kabari hiyo. Ikaja kodi ya nyumba, ikaja kipande kilichoning'inizwa shingoni, na wenyeji wakarudi kwenye ardhi yao wenyewe wakiwa maskwota wanaokamua ng'ombe wa bwana. Huko Kericho, mwaka 1919, ekari 25,000 zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa katika vita vya kwanza. Walijaribu kulima kitani, kikawashinda. Katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaangukia mikononi mwa kampuni, Brooke Bond na James Finlay, na chai ikapandwa. Maofisa wale walipewa ardhi kwa sababu walikuwa wameumia vitani. Mpagazi wa Kipsigis au wa Kigusii aliyebeba mizigo ya vita hivyo hivyo, akafa kwa kuhara huko Tanganyika, hakupewa hata jina kwenye jiwe.

Sasa niwataje Talai, na hapa sitaharakisha.

Baada ya baba yao Kimnyole kuuawa mwishoni mwa karne ya 19, baadhi ya wana wa ukoo wa Talai walikuja kuishi kwa Wakipsigis. Mkubwa wao, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa ndugu wa Koitalel. Serikali iliwaogopa watu hawa kwa sababu walisikilizwa. Mwaka 1914 Kipchomber na wenzake waliondolewa wakapelekwa nchi ya Kati, na mwaka 1916 alifia huko uhamishoni. Hilo halikuwatosha Waingereza. Mwaka 1934 Baraza la Kutunga Sheria lilipitisha sheria mahsusi ya kuwaondoa walaibon, jina ambalo serikali iliwaita viongozi hawa wa Talai. Nawaomba mlisikie vizuri: ilikuwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Mtu hakuhitaji kushtakiwa wala kupatikana na hatia; kuzaliwa kulitosha. Takriban watu 700, pamoja na wazee na watoto wachanga, walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria, joto ambalo mtu wa Kericho halijui. Ng'ombe wao walikufa. Watoto wao walikufa. Waliobaki waliruhusiwa kurudi mnamo 1962, ukoloni ukiwa unafungasha, wakakuta mashamba yao ni ya chai na hakuna mtu anayewangoja. Wengi waliishia kwenye vyumba pembeni mwa mji wa Kericho, hata kipande cha kuzikia hawana. Nchi ilipokuwa inagawa ardhi kwa wananchi wapya, wao hawakuwa na mtu kwenye meza ile.

Na yuko mmoja ambaye habari yake inanifanya nisiweze kuiimba Desemba 12 kwa sauti yangu yote. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 Wanandi walipokuwa wakijiandaa kupinga kodi na unyang'anyi wa ardhi. Akahamishwa kutoka kifungo hadi kifungo, hata akawekwa kisiwani Mfangano. Aliachiliwa mwaka 1964. Fanyeni hesabu. Taa zilipozimwa pale Nairobi na kuwashwa tena, mfungwa wa kisiasa aliyekaa kifungoni muda mrefu kuliko wote katika historia ya nchi hii alikuwa bado chini ya ulinzi, na waliomlinda sasa walikuwa wanailinda serikali yetu. Dunia nzima inajua Nelson Mandela alifungwa miaka 27. Barsirian alifungwa zaidi ya 40, na sijui kama kuna barabara ya lami inayoitwa kwa jina lake ambayo kijana wa hapa angeweza kuitaja.

Mtaniuliza: na Mau Mau? Swali ni halali, na siwezi kulikwepa nikiwa nchi ya chai. Wakati wa hali ya hatari vijana wengi wa Kikalenjin, Wakipsigis wakiwemo, walikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waafrika, na polisi, na walitumwa kupambana na wapiganaji wa msituni. Walikuwa wametoka vita vya pili vya dunia, Uhabeshi na Burma, na uaskari ndio kazi waliyojua kupata mshahara kwayo. Sisemi haya ili kuwahukumu. Nayasema kwa sababu kuna wanaotumia hilo kusema watu wa huku hawakudai uhuru, na kuna wa huku wanaolificha kwa aibu. Wote wanasahau kwamba hesabu ya kudai uhuru haikuanza 1952. Waliozikwa Sotik walikuwa wamekwisha kulipa zamani, wakati kijana wa KAR hajazaliwa.

Tufike kwenye mpaka.

Vijana wengi hawajui kwamba kwa muda mrefu wa ukoloni wilaya ya Kericho, ambayo Bomet ilikuwa ndani yake hadi mwaka 1992, ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Nyanza. Mkuu wa mkoa alikaa Kisumu. Mkipsigis wa Sotik na Mgusii wa Kitutu walitawaliwa kutoka ofisi moja, wakalipa kodi kwenye hazina moja. Uhuru ulipokaribia, wanasiasa wakagawanyika. Chama cha KADU, kilichoundwa mwaka 1960 chini ya Ronald Ngala, pamoja na viongozi wa Kalenjin kama Taita Toweett na Daniel arap Moi, kilitaka majimbo, kikihofia kwamba jamii kubwa zingemeza ndogo. Chama cha KANU kilitaka serikali moja yenye nguvu. Wagusii wengi walikuwa KANU, na Lawrence Sagini wao akaja kuwa waziri katika serikali ya Kenyatta. Mwaka 1962 ikatumwa Tume ya Mipaka ya Majimbo izunguke nchi iulize watu wanataka kuwekwa na nani. Watu wakaulizwa kwa makabila, wakajibu kwa makabila. Kericho ikatolewa Nyanza, ikatiwa Bonde la Ufa. Kisii ikabaki Nyanza. Wino ulipokauka, mstari ulikuwa umepita hapa.

Majimbo yenyewe hayakudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964 na wabunge wake wakahamia KANU. Katiba ya majimbo ikafutwa kipande baada ya kipande. Lakini mpaka ulioletwa na majimbo haukufutwa. Hivi ndivyo mambo ya serikali yalivyo: sera hufa, ramani ikabaki ofisini.

Wakati huo huo mashamba ya walowezi yalikuwa yananunuliwa. Mpango ule uliitwa wa ekari milioni moja, na jina lake linamfanya mtu adhani ulikuwa sadaka. Fedha zilitoka serikali ya Uingereza na Benki ya Dunia, nyingi zikiwa mkopo, na zilikwenda kumlipa mlowezi bei ya shamba lake. Mkopo ukaangukia mabegani mwa mwananchi aliyepewa ploti. Katika nchi nzima familia 35,000 hivi ziliwekwa katika mpango huo, na deni la ardhi lilipaswa kulipwa kwa miaka 30, na riba ya asilimia 6.5. Fikirieni ilivyokuwa. Babu yako alifukuzwa kwa rashasha mwaka 1905, akawa skwota kwenye ardhi ile ile, na mwanawe akaja kukopeshwa fedha na mfukuzaji ili amlipe mfukuzaji. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini ni nani aliyekuwa mdaiwa hapa?

Wakalipa. Nataka hili liandikwe, kwa sababu sherehe za uhuru hazilitaji kamwe. Wakalipa kwa maziwa yaliyopelekwa KCC alfajiri, kwa pareto iliyokaushwa juani, kwa mahindi, na kwa ada ya shule iliyokosekana. Upande wa Borabu, ulio Nyamira, wakalipa Wagusii, upande wa Sotik wakalipa Wakipsigis, kila mmoja kwa mpango wake, kwa wakala wa serikali yule yule, kwa sababu ya wazungu wale wale. Aliyeshindwa alitumiwa barua ya kutishiwa kunyang'anywa. Nimewahi kuonyeshwa risiti za mkopo huo zikiwa zimehifadhiwa ndani ya Biblia, katikati ya Zaburi, pamoja na cheti cha ubatizo. Mimi naona risiti zile ni nyaraka za ukombozi kama zilivyo barua za wapiganaji.

Mashamba makubwa ya chai hayakuguswa na mpango huo. Yaliachwa kwa kampuni, kwa kuhofia kwamba yakivunjwa uchumi utaanguka. Ukodishaji wa miaka 999 uliendelea mpaka Katiba ya 2010 ilipoukata kuwa 99 kwa asiye raia. Mkulima mdogo alipata njia yake kupitia shirika la chai la KTDA tangu 1964, na kijani mnachokiona kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kile kinacholeta bonasi na manung'uniko yake, ni kazi ya mikono ya wananchi. Upande wa mashamba makubwa majina yamebadilika: ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yamechukuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mwaka 2023 wachumaji wa Kericho walizichoma moto mashine za kuchuma chai kwa sababu zilikula kazi zao. Sikubaliani na kuchoma mali. Lakini anayeshangaa kwamba watu wa nchi ya chai wanaichukulia ardhi ile kama jambo ambalo halijaisha, hajasoma kilichotokea 1919.

Sasa nisogee karibu zaidi, mahali panapouma. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huu wa Sotik na Borabu uliwaka. Chepilat iliwaka. Wengine wenu mlioketi hapa mlikimbia na watoto mgongoni, na wengine, tuseme kweli, mlikuwa na pinde. Nchini kote waliuawa watu zaidi ya 1,100 katika majuma yale ya baada ya uchaguzi wa 2007, na watu zaidi ya laki sita wakafukuzwa makwao. Sitarejea ni nani alianza, nani alichoma kibanda cha nani. Nataka tu mwone nani alikuwa anapigana na nani: wajukuu wa 1905 upande huu, na wajukuu wa 1905 upande ule, wakigombania mpaka wa tume ya 1962, juu ya ploti ambazo baba zao walizilipia kwa mkopo mmoja.

Bunge lilipounda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, liliipa muda wa kuchunguza: kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe 28 Februari 2008, siku ule mkataba wa amani ulipotiwa sahihi. Mwanzo wake ni usiku wa bendera, mwisho wake ni moto wetu. Wanasheria wana sababu zao za kuweka tarehe. Lakini mkiyaanza maovu ya nchi hii saa sita ile ya usiku, basi Chepilat itaonekana kama watu wawili waliochukiana bure.

Kuna ndugu watakaosema haya ni ya kale, na Mwingereza amekwisha kulipa. Amelipa wapi? Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni kwao na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Ni haki yao, walishinda kwa ushahidi na kwa uvumilivu. Watu wa Kericho na Bomet, zaidi ya laki moja, walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mwaka 2021 wataalamu maalum wa umoja huo wakaiandikia Uingereza kuonyesha wasiwasi wao. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipokuja Nairobi mwisho wa Oktoba 2023, siku chache tu baada ya Mashujaa ya Kericho, alizungumzia uovu uliotendwa, akasema hauna kisingizio, akaeleza huzuni yake. Radhi hakuomba.

Nawaunga mkono waliopeleka madai hayo, Talai kwanza, maana wao hata nyumba hawakurudishiwa. Lakini mniruhusu kunung'unika. Wakipsigis wameandika madai yao. Wanandi wanatafuta fuvu lao. Wagusii wanamtafuta Otenyo wao. Ni bahasha tatu zinazopelekwa kwa serikali moja, juu ya mwaka mmoja na jeshi moja, na hakuna aliyefikiria kuziweka kwenye bahasha moja. Mwingereza yeyote mwenye akili atazijibu moja moja, polepole, mpaka wazee waishe. Mwaka 1905 walituvunja mmoja mmoja kwa sababu hatukuwa na njia ya kuzungumza pamoja. Leo tuna simu na tuna Kiswahili.

Wapo wanaotaka sanamu ijengwe hapa sokoni. Sina ubishi na sanamu, isipokuwa najua itakuwa ya nani kabla haijachongwa, na nani ataitupia mawe. Ningependelea jambo jepesi zaidi. Shule zilizo upande wa Sotik na zilizo upande wa Borabu zifundishe mwaka 1905 kwa somo moja, mara moja kwa mwaka, mwalimu wa Nyamira akifundisha habari za Sotik, na mwalimu wa Bomet akifundisha habari za Otenyo na Moraa. Pasiwe na mgeni rasmi. Pasiwe na hema. Gharama yake ni chaki.

Na nina ombi kwa wenye umri mkubwa. Zile risiti za mkopo, zile barua za kutishiwa kunyang'anywa ploti, vitambulisho vya KAR, hata kipande cha babu kama bado kipo, msiziache zioze juu ya dari au ziliwe na mchwa. Mtafuteni mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nanyi, wa upande wowote, azipige picha, kisha mrudi nazo nyumbani. Andikeni nyuma yake jina la aliyelipa na miaka aliyolipa. Akina mama, majina yenu hayamo kwenye risiti hizo, yamo ya waume zenu. Lakini ng'ombe mlikamua ninyi. Yaandikeni pia.

Nimemaliza sehemu yangu. Sasa nipokee maswali, na nianze na huyo mzee aliyenyoosha fimbo tangu nilipotaja wale ng'ombe wa Wamasai.